Barua kwa Somoe: utingo au chuo?

Mwanangu Somoe,

Salamu zako zimefika, sisi huku Lindi tu wazima. Umeniuliza kama hela uliyodunduliza uilipie chuo cha udereva ujifunze lori, au umfuate mjomba wako uwe utingo mpaka mkono ukae. Nenda chuo. Mjomba wako atanuna, kisha atazoea.

Sisi tulijifunzia barabarani kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine. Unafunga turubai, unaosha gari, na usukani unapewa usiku dereva akishachoka. Gari lina mzigo, giza limetanda, na mwalimu wako anakoroma! Unachojua ni alichojua yeye, pamoja na ubovu wake. Na mtoto wa kike kulala chini ya tela pale Mingoyo, hilo sitaki hata kulifikiria.

Ninachotaka ukifuate chuo hasa ni upepo. Breki za lori kubwa hazishikwi na mafuta kama za gari dogo, ni upepo uliojazwa kwenye matangi. Ukiwasha asubuhi unangoja geji ya upepo ipande, maana breki ya kuegeshea inabanwa na springi, na upepo ndio unaoifungua. Sasa mpe asiyefundishwa gari la korosho ashuke Newala kuja Masasi. Ataweka fri, yaani atoe gia, aokoe dizeli, akanyage breki, aachie, akanyage tena. Kila akikanyaga anamwaga upepo, na injini inayonguruma taratibu haiwahi kuujaza. Breki zinapata moto, zinanuka, mwisho hazishiki. Aliyefundishwa anapanga gia nzito kabla ya mteremko, injini inalizuia gari, mguu unagusa tu. Gari likishakolea mwendo, gia hiyo haiingii tena.

Halafu kuna kurudi nyuma na tela. Ukitaka mkia uende kulia, unakata usukani kushoto, kidogo kidogo, macho kwenye vioo. Hilo linataka uwanja mpana na mwalimu mvumilivu, si geti la ghala wakati wa msimu na wapakizi wanakuzomea.

Ila usilipe kabla hujaliona lori lenyewe. Kuna wanaofundisha kwa kigari kidogo na ubao, kisha wanakupa cheti. Waulize tela lipo wapi, na kwa siku mwanafunzi mmoja anashika usukani muda gani. Anzia kuulizia VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, Lindi wapo na Mtwara wapo. Dar kuna NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, nao wanafundisha magari makubwa. Leseni ya daraja D uliyonayo ni ya gari dogo, lori ni E, kwa hiyo masharti ya kupandisha yaulize mapema.

Ada ikipelea, korosho zangu ziko chama cha msingi zinangoja mnada. Niambie haraka, kabla mama yako hajazipangia bati za jikoni.

Baba yako