Kuhusu kile kikombe cha bibi yako

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza bibi yako alichanganya nini usiku ule kaka yako Hamadi alipovimba, ili nawe umchanganyie mwanao Zuhura, maana alipoonjeshwa yai juzi alitoka mabaka mwilini na mdomo ukavimba, na mkweo amekuletea chupa ya asali yenye habasoda. Mchanganyiko naukumbuka: habasoda iliyotwangwa kijiko kimoja, asali vijiko viwili, maziwa ya moto juu yake. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka minne, ukakumbuka bibi na kikombe. Mimi nakumbuka sahani.

Wajua nilikuwa nikiuza kamba. Siku hiyo nilirudi na kamba wazuri, wakubwa, mama yenu akawaunga kwa tui. Hamadi alikula wawili, akaisukuma sahani. Akasema, "Baba, koo linaniwasha." Na haikuwa mara ya kwanza. Wiki chache nyuma alisema hivyo hivyo, nikamjibu kuwa mtoto wa muuza kamba hakatai kamba. Usiku ule niliirudisha sahani mbele yake. Nikamwambia ale, asinitie aibu. Akala huku ananitazama. Macho yale, mwanangu, hayajaniacha mpaka leo.

Mkeka haujakunjwa, midomo ikawa imefura. Tumbo likatoka mabaka kama aliyepakwa upupu, na sauti ikawa ya kukwaruza, si ya mtoto wa miaka saba. Bibi akaja na kikombe, Hamadi akanywa, akatapika, bibi akashukuru kwamba sumu imetoka. Lakini kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Jirani akatutoa kwa pikipiki. Muuguzi hakutaka maelezo marefu, alimchoma adrenalini kwenye paja, na sijamaliza hata kumweleza mtoto amekula nini, nikaisikia pumzi inarudi. Walitukalisha hadi alfajiri, kwa sababu hali ile yaweza kurudi baada ya saa kadhaa, hata kama mtoto anacheka.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alikwenda kaburini akiamini ni kikombe chake. Sikumbishia. Wakati mwingine najiuliza, labda kule kutapika kulipunguza kidogo. Kisha nakumbuka dakika zile tulizosimama tukimsubiri amalize kunywa, na koo linaziba, na ninataka kusema neno. Lakini nani aliyemrudishia sahani? Mama yangu alileta kikombe kwa mapenzi, mimi nilileta kamba kwa kiburi. Basi nanyamaza.

Mwamini anayekula. Nimewaambia hivi mpaka mmechoka, na nitarudia. Zuhura ana miezi tisa, hana maneno, lakini ngozi yake imekwisha sema. Mzio ni mwili kukidhania chakula kuwa adui na kukipiga vita, na vita hivyo havipimwi kwa wingi wa chakula. Kipande kidogo kinatosha. Kwa Hamadi hata mafuta yaliyokaangia kamba ni shida, maana kile kinachomdhuru hakifi kwa kupikwa. Wenye mzio wa kamba wengi hubaki nao maisha yote. Wa yai na wa maziwa wengi huuacha wakikua, kwa hiyo usilie kana kwamba mtoto amehukumiwa.

Asali usimpe. Hapa sina "labda". Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga na kumlegeza misuli hadi ashindwe kupumua. Kuhusu habasoda sitaitukana. Wapo wanaoinywa kwa mafua ya vumbi na wanasema inawasaidia. Lakini koo linaloziba halisubiri habasoda. Hata vile vidonge vya setirizini hutuliza muwasho tu. Ukiona anapumua kwa shida, au ametapika huku amelegea na mabaka yametapakaa, ni hospitali papo hapo, na useme neno mzio mlangoni.

Mafuta ya nazi mpake, hayo nayapenda, ngozi yake kavu inayahitaji. Ila ya simsim na ya karanga yasiguse pale alipochubuka. Wataalamu wanaeleza kwamba mwili hujifunza kukizoea chakula kikipitia tumboni, na kukikataa kikiingilia kwenye ngozi iliyopasuka. Nilipolisikia hilo nilikaa kimya muda mrefu. Sisi tulikuwa tukiwakanda kwa simsim nyote.

Na karanga zenyewe? Zamani madaktari wa Ulaya walisema wanyimwe watoto. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa London, watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai: walioanzishwa karanga kabla ya mwaka na kuendelea nazo, mzio wa karanga ulipungua kwao kwa kiasi kikubwa sana. Uji wetu wa karanga ulikuwa na hekima, basi. Lakini Zuhura ameshaonyesha mzio wa yai, kwa hiyo usimwanzishe jikoni kwako peke yako. Apimwe kwanza, na karanga ziwe zimesagwa laini ndani ya uji, kamwe si punje, zisije zikampalia.

Mpaka umwone daktari, nunua daftari. Andika alichokula, saa ngapi, kilichotokea baada ya muda gani. Andika na ulichokula wewe, maana ananyonya. Yai limejificha kwenye keki, kwenye biskuti, kwenye katlesi za mkweo, kwa hiyo uliza kabla ya kuonja. Kunyonya usimwachishe.

Hamadi akija Idd huwa napika kuku. Sufuria nalisugua kwa majivu, kisha kwa sabuni, na mikono naiosha kwa ndimu hadi kiwiko kabla sijampa mkono. Ananiambia, "Baba, inatosha." Simwamini. Naosha tena.

Nipigie ukitoka kwa daktari, hata kama ni usiku. Chupa ya mkweo ipokee kwa mikono miwili, umshukuru, uiweke juu ya kabati.

Baba yako