Wanatunga papo hapo, au wamekariri?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni manju wa ngoma huku Newala. Kijana wangu ananiambia kuna waimbaji huko Kirgizia, nchi ya Asia ya Kati, waitwao akyn. Wawili hukaa mbele za watu wakajibizana kwa nyimbo ambazo hawakuziandaa. Ni kweli, au wamekariri nyumbani? Maana mimi nikirushiwa neno harusini, nakwama.
Manju, Newala

JIBU: Marahaba, manju. Ni kweli, wanatunga papo hapo, ila hawaji na kapu tupu. Akyn kijana humfuata mkubwa wake kwenye shughuli, anashika beti za waliotangulia mpaka vina vinamjia bila kuviita. Mstari wao una mizani 7 au 8, hauko mbali na kipande cha utenzi wetu. Mpinzani akirusha neno, umbo limeshakaa mdomoni; kinachosakwa ni jibu.

Na jibu lenyewe huuma. Toktogul Satylganov, aliyezaliwa 1864 katika bonde la Ketmen-Töbö, aliwaimba watoto wa kiume watano wa mkubwa mmoja wa huko, Rykulbek, akawaita nguruwe pori watano. Wale ni Waislamu, manju! Hata sisi, ambao nguruwe pori tunamjua kwa kumaliza mihogo, tusingecheka tukiitwa hivyo. Mwaka 1898 watu wa Andijan, mji ulioko leo Uzbekistan, walipowaasi Warusi waliokuwa wakiwatawala, Toktogul naye akasingiziwa kuhusika, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa uhamisho wa Siberia. Akarudi, akaimba mpaka alipofariki 1933. Leo sura yake imo kwenye noti yao ya som 100. Wale watano sijaona noti yao.

Sasa la kukwama kwako. Akyn anapakata komuz, ala ya nyuzi 3 isiyo na vituo shingoni. Akifunga ubeti haendelei hapo hapo. Anazicharaza nyuzi kidogo, watu wanafurahia mlio, kumbe kichwani anapanga vina. Wewe huna komuz, una waitikiaji. Wakiitikia mara moja tu na kunyamaza, lazima ukabwe. Waambie kiitikio wakirudie mara mbili, hata tatu siku ukiona mpinzani ni mkali, na mpiga ngoma asikate katikati. Ukiwa tayari, mpe ishara ya mkono.