Nyie mnaomwagia silikoni kila kitu, njooni tuongee

Jamani leo nina hasira kidogo, ila ni hasira ya mapenzi. Kila nikienda kuangalia boti mnazojijengea nyumbani nakuta yaleyale: mfuniko wa tundu la sitaha, ile sakafu ya juu ya boti, umepigwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) unang'aa, unavuja, na mwenyewe kashika tyubu ya silikoni anatafuta pa kuongeza. Acheni hiyo tyubu. Mfuniko hauachi kuvuja kwa sababu ya gundi nyingi, unaacha kwa sababu maji umeyapa njia ya kutokea kabla hayajafika kwenye mpira wa kuzibia ulio chini ya mfuniko.

1. Vizingiti viwili, yaani kuta fupi zinazozunguka tundu la sitaha. Cha nje na cha ndani, katikati mfereji, mpira unakalia cha ndani. Wimbi likiruka cha nje linaangukia mferejini linaenda zake nje. Matundu ya kutolea maji yawe mawili, kushoto na kulia upande ulio chini zaidi, maana boti ikiinamia upande mmoja tundu moja linabaki juu halina kazi, na yawe mapana, yale membamba ya kalamu yanazibwa na uchafu msimu wa kwanza tu. Na kabla hujagandisha, vuta nyuzi mbili kona kwa kona juu ya kizingiti, zikigusana kidogo katikati kimenyooka, zikiachana au zikisukumana kimepinda.

2. Mpira. Uwe wa sponji isiyonyonya maji, ukifunga ubanwe kama theluthi ya unene wake, kiungio kiwe katikati ya upande na sio kwenye kona. Basi, hayo ndo ya maana, sasa ngoja niwaambie aibu yangu.

Mfuniko wangu wa kwanza niliweka kizingiti kimoja, uvivu tu, nikajisemea mpira mnene utamaliza kazi. Bawaba nilishazifunga kabla ya mpira kuwepo, kwa hiyo nilipoubandika, upande wa bawaba ukabanwa ukalala kabisa na upande wa makomeo haukugusa hata kidogo. Mtu mwenye akili angezitoa bawaba. Mimi nikakaza makomeo. Yalikuwa mawili, kwenye kona, na plaiwudi yenyewe nyembamba, kwa hiyo kona zikashuka na katikati ikabinuka juu, ukiwa chini unaona mwanga. Nikaongeza komeo la katikati, uvujaji ukahamia ubavuni. Nikapaka silikoni ubavuni. Mvua ikaja, maji bado yanadondoka, tena palepale juu ya godoro, nikapaka tena kuzunguka chini ya kizingiti chote, nje na ndani, kwa kidole, najiona fundi haswa. Kumbe maji yalikuwa yanapita kwenye bolti za bawaba, matundu nilitoboa tu nikapachika, plaiwudi inakunywa taratibu mpaka imekuwa nyeusi. Nilipoamua kutengeneza upya na kupaka rangi, kila palipoguswa na silikoni rangi inakimbia inaacha vijicho, napiga msasa, msasa unaisambaza zaidi. Mwisho nikashika msumeno nikakata kizingiti chote na kipande cha sitaha kilichooza. Tundu lililobaki lilikuwa kubwa kuliko mfuniko niliokuwa nao, yaani hata mfuniko wenyewe ikabidi nianze upya. Ndo maana nikikuona na ile tyubu napandisha sauti, usinichukie.

3. Bawaba. Pini yake iwe usawa na mpira ukishabanwa, au tundu za bawaba ziwe ndefu ili mfuniko uweze kupanda na kushuka kabla hujakaza. Mfuniko wa mbele zifunge upande wa omo, yaani ncha ya mbele ya boti, wimbi likiukuta wazi liufunge lenyewe badala ya kuung'oa.

4. Kila tundu la skrubu au bolti: toboa kubwa, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa saizi yako. Ndiyo, hata lile dogo.

5. Epoksi ikikauka ioshe na maji kabla ya msasa, ule utando wa mafuta ukiusaga ndani rangi haishiki. Halafu ifunike kwa rangi, jua linaila.

6. Mkiweka dirisha la akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, tundu za bolti ziwe pana. Kipande cha mita 1 joto likipanda nyuzi 30 kinaongezeka kama mm 2, hizo mm 2 ziende wapi? Kijana mmoja nilimwambia, akasema ye anataka bolti zikae vizuri zisicheze, akazikaza kweli kweli, nzuri kwa macho. Kiangazi kilipofika kila tundu lina ufa wake. Akaja kuniuliza silikoni gani inaziba nyufa. Nilicheka mpaka akakasirika, baadaye tukakata kipande kingine pamoja.

7. Kupima. Paka chaki juu ya kizingiti cha ndani, funga, fungua, tazama mstari kwenye mpira. Palipokatika ndo panapovuja. Kisha mtu aingie ndani na tochi, we wa nje na mpira wa maji anza chini upande kwa upande ukipanda taratibu, ukimwaga kote kwa pamoja hutajua maji yameingilia wapi. Na ukiniita nije niangalie, nikikuta mpira hauna hata alama ya chaki nageuza palepale, ila chai nitakunywa kwanza.