Pilipili mpya, oda za mapema na mtaji wa shemeji

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Tanga, natengeneza pilipili ya ukwaju na embe hapa nyumbani. Nataka kuitoa sokoni kabla ya Ramadhani, kwenye chupa zenye lebo. Watu wameshaanza kutuma nusu ya pesa kwa simu na mimi hata chupa sijanunua. Shemeji yangu kanipa milioni 2 za mtaji, anataka nimpe 200,000 kila mwezi. Wadogo zangu nao wameahidi kuandika mtandaoni kuwa wameionja na hawajapata kuona mfano wake, ingawa bado hawajaionja. Juu ya hayo, mama mmoja darsani kaniambia kubuni kitu kipya ni bidaa. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Dada yangu, la bidaa lisikukoseshe usingizi. Bidaa iliyokemewa ni kuzua jambo katika dini. Biashara asili yake ni ruhusa mpaka lije katazo. Lau kila kipya kingekuwa bidaa, mama huyo naye asingefika darsani kwa bajaji. Swahaba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akasema: nionyesheni soko liko wapi. Jioni alirudi na faida ya jibini na samli.

Kwenye hizo oda ndipo pa kutulia. Mtume (s.a.w.) alimkataza swahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Lakini pia alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno, na hakuwazuia. Aliwaambia anayelipa kabla alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salam.

Sasa wewe unapokea nusu, na kwetu Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, salam haisihi mpaka bei yote ikabidhiwe palepale mnapokubaliana. Tena wanavyuoni wetu hawakuipitisha salam katika kitu kilichochanganywa, ambacho viungo vyake vyote ni makusudio na kipimo cha kila kimoja hakidhibitiki. Mfano wao ni harisa, ndiyo boko boko yetu. Pilipili yako yenye ukwaju, embe, kitunguu saumu na siki iko jirani kabisa na sufuria hilo.

Mlango upo, nao ni istisnaa, yaani mtu kuagiza kitu akitengenezewe. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, waliuruhusu zamani, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanavyuoni wa sheria, ilipokaa Jeddah mwaka 1992 iliupitisha na kukubali bei ilipwe kwa mafungu au icheleweshwe. Mimi naona uuchukue. Nunua daftari, kila oda iandike: chupa ya ujazo gani, kali au ya wastani, imetengenezwa kwa viungo gani, itatoka tarehe ngapi. “Kabla ya Ramadhani inshaallah” si tarehe. Siku ikifika na mzigo hujautoa, anayetaka pesa yake mrudishie yote, bila kumwambia eti umeshanunulia embe.

Wadogo zako wanyamaze. Kusifu chakula ambacho hujakitia mdomoni ni ushahidi wa uongo, hata ukiandikwa kwa kidole kwenye simu. Wapelekee kibakuli, wale, kisha waseme walichokiona, na waseme pia kwamba ni ndugu zako. Na kwa kuwa umetaja lebo, nami nikuulize: unatia dawa ya kuhifadhi? Ukitia hata nusu kijiko cha chai, usiandike “haina kemikali”. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo usiibandike kabla hujapewa. Mtume alipita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema kimenyeshewa. Akamuuliza: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Kisha akasema anayeghushi si katika sisi. Lebo ndiyo juu ya rundo lako.

Shemeji. Hapa nasema bila kuzunguka: 200,000 za kila mwezi, upate usipate, haziwi faida ya mtaji. Akisema pesa yake lazima irudi na nyongeza hiyo, huo ni mkopo wenye riba, tuuite jina lolote. Akisema ni ushirika, basi ni mudharaba, yaani mmoja kutoa mtaji na mwingine kazi wakagawana faida, iliyoharibika kwa sharti hilo, na wanavyuoni wamekubaliana juu ya hili. Kaeni upya mgawane faida kwa fungu. Tuseme 40 kwa mia zake, 60 zako. Mwezi wenye faida ya 500,000 atapata hizo 200,000 anazozitaka. Mwezi wa 100,000 atapata 40,000, na mwezi mkavu hapati kitu. Chupa zikivunjika njiani bila uzembe wako, hasara ni ya mtaji wake, nawe umepoteza jasho lako. Huwezi kumdhaminia mtaji, ila ukizembea au ukaenda kinyume cha mlichoafikiana.

Najua kumwambia shemeji maneno haya ni kazi, hasa kama pesa imeshanunua sufuria. Mwite pamoja na mumeo au kaka yako, mwandike makubaliano mapya, mweke mashahidi wawili. Kama ameshachukua 200,000 za mwezi wa kwanza na faida haijapatikana, zihesabiwe kuwa amerudishiwa sehemu ya mtaji, ubaki 1,800,000.

Wallahu aalam.