Nilifundisha Ufunuo Nikayaruka Machozi ya Yohana

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka kujua kama namba ya kitambulisho chake yaweza kuwa ndiyo 666, namba ya mnyama katika Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia. Swali lake lilinichoma, kwani zamani ningemjibu kwa kurasa tatu za hesabu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa jumuiya yetu, na kwa majuma tisa nilifundisha Ufunuo kwa karatasi ya manila niliyoijaza wanyama, pembe na taji kwa kalamu za rangi nne. Watu walijaa hadi barazani, nami, nakiri, nilipenda kujaa kwao. Jioni moja mama aliyekuwa amefiwa na mwanawe akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwenye mchoro huo mwanangu yuko wapi?" Nilimjibu kwamba tutafika huko sura ya 20. Hakurudi tena. Baadaye mzee mmoja wa kanisa alisema mbele za watu kuwa ninamjua mnyama kuliko ninavyomjua Mwana-Kondoo, yaani Kristo, neno ambalo mpaka leo linaniuma, hasa kwa kuwa lilikuwa kweli.

Nikaanza upya, safari hii kwa sura ya 5. Yohana, aliyekuwa kisiwani Patmo kwa ajili ya neno la Mungu, analia sana kwa kuwa hakuna anayestahili kukifungua kitabu chenye mihuri saba. Anaambiwa asilie, Simba wa Yuda ameshinda, lakini anapotazama anamwona Mwana-Kondoo amesimama, kama aliyechinjwa. Ndugu zangu, ushindi wa Ufunuo wote una kovu! Kanisa la Smirna, mojawapo ya makanisa saba yanayoandikiwa humo, haliahidiwi kukwepa dhiki, linaambiwa itakuwa ya siku kumi, maana yake imehesabiwa. Roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu, zilizo chini ya madhabahu, zinalia "Hata lini?" wala hazikemewi, bali zinapewa mavazi meupe. Basi anzeni na kiti cha enzi, si na mnyama. Someni kwa sauti, kwa maana heri ya kwanza ya Ufunuo ni ya asomaye na wao wasikiao. Hata chapa ya mnyama, ile ya 666 katika sura ya 13, inahusu nani anaabudiwa, kwa hiyo acheni kuhesabu tarakimu za vitambulisho.

Yule mama nilimfuata nyumbani, nikamkuta akichambua mchele. Nilimsomea sura ya 21 bila kueleza lolote. Nilipofika kwenye kufutwa kwa kila chozi aliweka ungo chini, akasema, "Hapo, Mwalimu, rudia."