Mionzi kwenye fyuzi ya plastiki?

SWALI: Habari mhariri, mi fundi simu hapa Majengo, Dodoma. Kwenye betri moja nimekuta kafyuzi kembamba, dogo mmoja wa chuo akanambia ni plastiki yenye unga wa kaboni halafu imepigwa mionzi. Mionzi ya nini tena?

JIBU: Fundi, dogo hajakudanganya. Plastiki tupu haipitishi umeme, ila chembe za kaboni zikijaa mpaka zigusane umeme unapata njia. Ikipata moto plastiki inavimba, chembe zinaachana, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda mara maelfu, ndo inakata. Shida sasa, polithini, ndo plastiki yenyewe, ikizidi kuyeyuka inakuwa kama uji wa uwele, chembe zinaogelea zinakutana tena na umeme unarudi wakati hatuutaki kabisa! Hapo ndo mionzi ya gama au ya elektroni inaingia, inafunga minyororo ya plastiki ishikane kama wavu, chembe zinatulia, ikipoa ukinzani unashuka karibu na ulipokuwa. Mionzi ikizidishwa, hasa penye hewa, oksijeni inaila minyororo inakatika, plastiki inakuwa ngumu inapasuka.

Kuishika usiogope, mionzi hiyo haibaki ndani. We pima na mita ikiwa imepoa, ikisoma omu (kipimo cha ukinzani) nyingi badilisha.