Mjane wa mwanajeshi wa Marekani na pesa ya mhudumu wa nyumbani

Je, mjane wa mwanajeshi wa Marekani anaweza kupata pesa ya mhudumu wa nyumbani kutoka VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani? Ndiyo, anaweza kulipwa hata kama mumewe hakufa kwa majeraha ya vita. Aombe pensheni ya wajane pamoja na nyongeza ya Aid and Attendance, ambayo ni ya mtu asiyeweza kuoga, kuvaa au kula bila msaada. Mume awe alitumikia jeshini angalau siku 90, na walau siku moja kati ya hizo iwe ndani ya kipindi cha vita. Si lazima awe alikanyaga Vietnam. (Walioingia jeshini baada ya Septemba 7, 1980 huhitaji muda mrefu zaidi.) Mjane asiwe ameolewa tena, na kipato na mali visizidi kikomo. Lakini msikate tamaa mapema kwa sababu ya kipato: gharama za matibabu zisizorudishwa, pamoja na malipo ya mhudumu, hupunguzwa kwenye hesabu hiyo.

Nahudumia wazee majumbani huku Marekani, na fomu inayoangusha familia nyingi ni 21-2680, ambayo daktari hujaza kueleza hali ya mgonjwa. Akiandika "kisukari, presha" tu haitoshi. Aandike kwamba mama hawezi kuingia bafuni peke yake, hawezi kufunga vifungo, anasahau dawa.

Tafuteni DD214 ya marehemu, yaani cheti chake cha kutoka jeshini, mapema. Na tafadhali, msimlipe mtu kujaza maombi. Mashirika ya maveterani yaliyoidhinishwa na VA hufanya bure. Bima ya matibabu ya VA kwa familia, CHAMPVA, ni jambo jingine, hiyo inategemea ulemavu au kifo kilichotokana na utumishi.